Kwa Nini Mafuta ya Nerima Hayaishi

Benchi letu liko Makongeni, ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu, na kivuli cha ukuta hutukalia mpaka saa nne. Abdijabar huleta birika lake la kahawa chungu saa mbili kasoro, akatukuta tushajipanga: Njogu, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kuosha magari kwenye gereji miaka mitatu, Patrobas, tunayemwita Askofu ingawa hana kanisa, ana methali tu, na Luseno, dereva wa teksi ambaye nusu ya wiki hana gari. Gari ni lao wawili, yeye na mkewe Nerima, mama wa binti yao Mirriam. Jumatatu mpaka Jumatano ni la Nerima. Hupakia mayai mtaa wa Baba Dogo akayasambaza kwa maduka ya Buruburu. Alhamisi mpaka Jumamosi ni zamu ya Luseno kubeba abiria. Kila mmoja hujiwekea mafuta yake. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Jumatatu hiyo Luseno alikuja amenuna, hata salamu akaisahau.

— Niaje, Luseno? Umelala vibaya? nikamuuliza.

— Fundi, niambie kitu. Mimi naweka mafuta ya elfu mbili Alhamisi. Ijumaa mchana nishakauka. Mama Mirriam anaweka elfu mbili hiyo hiyo leo, na Jumatano jioni ananipatia gari ikiwa bado inatembea. Inawezekanaje?

— Si wewe unaenda mbali zaidi, nikasema.

— Nimeangalia kilomita. Ni karibu sawa. Sitadanganya.

Njogu akaweka kikombe chini. Huweka kikombe chini akitaka kuwa injinia.

— Hiyo ni asubuhi. Petroli ya asubuhi ni baridi, imeshikana. Bibi yako ananunua petroli nzito. Wewe unanunua ya jua kali, imepanda hewa. Unanunua mvuke, buda.

— Tunanunua saa moja asubuhi. Wote wawili.

— Basi ni sumaku. Kuna watu wanafunga sumaku kwa paipu ya mafuta. Inapanga petroli mstari mmoja, inaingia kwa injini kama watoto wa shule.

— Mimi nimefungua boneti. Hakuna sumaku.

Patrobas akakohoa.

— Mafuta hayajipangi. Mafuta yanaongezwa. Mwenye njaa hana miiko, na gari isiyo na njaa, kuna mtu anailisha.

Luseno akasema kile kilichomleta.

— Wiki jana nilipita kwa ile stesheni ya petroli ya karibu na Buruburu. Nikaona gari yangu. Bibi yangu amesimama nje anacheka. Kuna kijana wa pampu, ovaroli ya buluu, anaitwa Kim. Ameinama kwa gurudumu ya nyuma, anacheka pia.

— Ameinama? akauliza Patrobas.

— Ameinama.

— Basi ni hivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Askofu, hiyo methali si ya hapo, nikasema.

— Ni ya hapo kabisa. Mtu hainami bure.

Luseno ameishi na Nerima miaka kumi na minne na sijawahi kusikia akimsema vibaya. Lakini wivu ukishapewa kiti hausimami tena, na sisi ndio tuliokuwa tunausogezea kiti.

Njogu akaja na wazo jingine, kubwa kuliko la kwanza. Alisema labda gari haliendi popote. Labda Nerima hulipeleka mpaka kwa uwanja wa mtu, likalala hapo siku nzima, na mayai yakasambazwa na bodaboda.

— Na kilomita? nikauliza.

— Kilomita zinasongeshwa. Ni fundi tu.

— Wacha, Injinia, akasema Luseno.

— Sikwambii uamini. Nakwambia upime. Geji yako ya mafuta si ilikufa?

— Kitambo.

— Basi hataona kitu. Kesho kabla hajaamka, nyonya mafuta. Mwachie kidogo sana, ya kufika Baba Dogo na kuanza kurudi. Akimaliza siku nzima gari ikitembea, jua kuna mtu amemwekea. Hapo utakuwa na ushahidi, hata mbele ya wazee.

— Sina paipu.

Paipu ilikuwa yangu. Ilikuwa imekunjwa nyuma ya kibanda, kipande cha mpira cha mita mbili hivi, nacho huchotea maji. Sijui kwa nini niliinuka. Nilimpa, nikarudi kwenye kiatu nilichokuwa nakishona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza itakuwaje gari likizimika njiani.

Kesho yake, Jumanne, Luseno aliketi nasi lakini hakunywa. Alituambia ametoa lita sita, ziko kwenye mtungi chini ya kitanda. Kila gari jeupe kama lao lilipopita aliinua kichwa. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita, jua likatufikia, na Abdijabar akaanza kusafisha vikombe.

Saa tano na robo Nerima akafika kwa miguu.

Alikuwa hajawahi kuja kwenye benchi letu. Huwa anapungia mkono kwa mbali na kuendelea. Siku hiyo alisimama mbele yetu, leso yake imelowa ute wa yai mpaka magotini, na kiatu kimoja kimekatika mkanda. Hakuwa analia. Alisalimia kila mtu, mpaka Abdijabar.

— Baba Mirriam, gari ilizimika barabara ya Outering, leni ya katikati. Kulikuwa na lori nyuma yangu. Dereva alikwepa, lakini alinigonga kioo cha pembeni. Nilipokanyaga breki mayai yalianguka yote upande mmoja. Trei kumi na moja.

— Umeumia? nikamuuliza mimi. Ilipaswa aulize mumewe.

— Sijaumia, fundi. Nikampigia Kim wa petroli, akaja na mafuta kwa boda.

Luseno akainua uso.

— Una namba yake?

Hilo ndilo neno lake la kwanza kwa mkewe. Njogu aliangalia viatu vyake. Patrobas akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

Nerima akamgeukia mumewe.

— Ninayo. Yeye ndiye hunipimia upepo kila wiki. Tairi zikiwa laini gari inakula mafuta, na mayai yanarukaruka. Namba niliipata kwake mwaka jana.

Akaendelea, polepole, kama mtu anayepanga trei.

— Geji haifanyi kazi, kwa hivyo mimi huandika kilomita. Nikiweka mafuta ya elfu mbili najua yatanifikisha wapi. Leo yalipaswa kuwa zaidi ya nusu. Nimeipeleka kwa fundi, ameingia chini, amesema hakuna mahali tangi inavuja. Iko kwake sasa, anaweka kioo. Sasa ninyi mko hapa kila siku mnaongea mambo ya magari. Niambieni. Mafuta yangu yametolewa na nani?

Askofu hakuwa na methali. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na sikuweza kuiingiza kwenye ngozi. Abdijabar, ambaye hakuwahi kushauri kitu, ndiye peke yake aliyeweza kumtazama usoni.

Mwishowe Luseno akasimama.

— Ni mimi.

— Kwa nini?

Akajaribu kueleza. Alitaja Kim, akataja ovaroli, akataja Jumatano jioni na gari linalorudi likiwa bado na mafuta. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa machache. Nikasema paipu ilikuwa yangu. Nerima aliitikia kwa kichwa tu, bila kunitazama.

— Kesho twende wote, akamwambia mumewe. Utashika trei.

Jumatano hatukumwona. Alhamisi, siku yake ya gari, aliegesha mbele ya kibanda akateremka kunywa kikombe kimoja. Tulimzunguka kama watu wa matanga.

— Haya, akasema Njogu. Siri ni nini?

— Hakuna siri. Anaendesha kama amebeba mayai, na kweli ameyabeba. Akiona taa nyekundu huko mbali, anaondoa mguu tu. Anangoja. Taa inabadilika kabla hajasimama. Mimi nilikuwa nakanyaga breki upande wangu ambako hakuna breki.

— Ni hayo tu?

— Kuna spika yangu. Ile kubwa ya kwa buti, ya miziki. Kila Jumatatu anaitoa kwa sababu ni nzito, na kila Jumatano jioni anairudisha. Miaka miwili. Sijawahi kujua. Hakutaka nikasirike.

— Na Kim? akauliza Patrobas.

— Alinisalimia vizuri. Akaniuliza kwa nini mimi siji kujaza upepo. Lakini simpendi.

Abdijabar akamwongezea kahawa. Luseno akaishika bila kuinywa, na nilidhani amemaliza.

— Tuliingia maduka kumi na saba, akasema. Kila duka wanamjua kwa jina. Kuna mama mmoja, Wangeci, alimletea chai bila kuulizwa. Wanamuuliza habari za Mirriam, habari za mguu wa mama mkwe wangu. Mimi nimebeba trei nyuma. Wangeci akamuuliza, huyu ni tanboi mpya wa kubeba mizigo? Nerima akasema, ni bwanangu, bado anajifunza. Wakacheka wote.

— Ni utani, nikasema.

— Najua ni utani. Mimi nimebeba watu miaka kumi na minne, fundi. Wanashuka, wanafunga mlango. Hakuna hata mmoja anayejua nina mtoto.

Akarudisha kikombe kikiwa kimejaa, akaenda kuanza kazi.