Kibao cha Shingoni Mwaka wa Ndui

Mnaniona nimesimama hapa, mnasema mwalimu ametulia. Sijatulia. Nina hasira ya miaka mingi, na Mungu anisamehe, leo nitaitoa mbele yenu wote wa Sirisia.

Nilikuwa chuo cha ualimu, sitakitaja. Ndui ikaingia wilayani, tukafungiwa karantini. Madawati yakatenganishwa, kila mtu na kikombe chake, kusalimiana kwa mkono marufuku. Vizuri. Lakini kibao hakikuondolewa! Si mnakijua? Neno la Lubukusu likikuponyoka mahali pa Kiingereza, unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwingine. Kikilala kwako, kesho ni viboko. Ndugu zangu, nawauliza: kikombe hapana, lakini kamba yenye jasho la shingo kumi, ndiyo?

Kikanifikia. Siku chache baadaye kikanirudia, na sasa nina homa. Kiingereza cha kusema naumwa kilinipotea, na kwa Lubukusu ningeongezewa fimbo. Nikanyamaza. Rafiki yangu wa dawati la nyuma akaniona natetemeka. Akaniuliza kwa lugha yetu, kwa huruma tu, "Ndugu, una nini?" Na mimi, nisikieni vizuri, nikamvika kibao.

Mimi nilipona na makovu haya. Yeye alipofuka macho yote mawili.

Nikakimbia aibu. Nikaenda kulima shamba la mzungu upande wa Kitale, ati ualimu si wangu tena. Siku moja nikamwona anakuja, dada yake amemshika mkono. Nikajua amekuja kunilaani.

Akasema, "Si urudi chuoni, bana. Mimi siwezi kusoma tena. Na wewe ukiacha, hicho kibao nani atakitoa?"

Nililia mbele ya wafanyakazi wote. Nikarudi, nikamaliza chuo. Siku ya kwanza ya kupewa darasa, nikakuta kibao kinaning'inia ukutani. Nikakitia kwenye moto wa uji. Mwalimu mkuu akafoka, nami nikafoka kumshinda.

Asante dada uliyemwongoza njia yote ile. Wazazi, mtoto anayeogopa kusema, hata dawa haimfikii. Darasani kwangu anayeumwa aseme kwa lugha yoyote aliyo nayo.

Na wewe ndugu yangu, najua umeketi humu unanisikia. Uliniuliza swali, sikukujibu. Nilikuwa naumwa, na niliogopa.