Koliflawa ya Bendimasta

Waliokuwepo kijiweni alasiri ile ni hawa: Bendimasta, kiongozi wa bendi yetu ya harusi, Desimali, mwalimu wa hesabu, ambaye hapigi chombo chochote, Mapafu, mpiga tarumbeta, ambaye jina hilo alipewa na marehemu mkewe, si na sisi, Kinyozi, mpiga ngoma ndogo, aliyetoka dukani kwake na taulo begani, muuza kahawa, na mimi, mpiga filimbi, karani mstaafu wa posta. Mzee Radi, mwenye ngoma kubwa, hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitalini. Bendimasta alikuwa ameletewa harusi mbili za Jumamosi moja, kumbi mbali mbali, na familia zote mbili zilitaka jibu kabla ya jua kuzama.

— Nikikataa moja, wanakodi spika, alisema Bendimasta. Na aliyekodi spika leo, mdogo wake naye atakodi spika. Ndiyo tumekwisha hivyo.

— Usikatae, alisema Desimali. Umewahi kukata koliflawa? Kipande chake nacho ni koliflawa. Ukikikata hicho, unapata koliflawa nyingine, ndogo zaidi. Igawe bendi hivyo hivyo.

— Leo tumekuwa mboga, alisema Mapafu.

— Nisikilize, kaka. Zamani harusi zilifanyika uwanjani, bendi ikawa kubwa. Siku hizi watu wanaoana sebuleni. Mahali pakipungua, bendi ipungue ukubwa, umbo libaki lile lile. Kila kipande kiwe na wa kuongoza, wa kuimbisha na wa kupiga mdundo.

— Basi mimi peke yangu ni bendi, alisema Kinyozi. Mguu unadunda, mdomo unaimba, kichwa kinaongoza.

— Kichwa hicho hakijawahi kuongoza hata mkasi, alisema Mapafu.

— Na mkono wangu nao ni bendi. Gumba ndiye Bendimasta.

— Afadhali gumba, alisema Bendimasta. Halichelewi mazoezini kama wewe.

Tulicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Katikati ya kicheko kijiko kikagonga kikombe, taratibu. Kinyozi akadunda benchi, Mapafu akapuliza ngumi yake, mimi nikapiga mluzi. Ilikuwa bendi yetu yenyewe, ila ya kutia mfukoni. Wapita njia wawili walisimama, mmoja akayumbisha mabega. Bendimasta alifumba macho mpaka tulipomaliza.

— Nazichukua zote mbili, alisema.

Mkwe wa Mzee Radi alikuwa amesimama kando, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Umetusikia?

— Nimewasikia. Baba alikuwa akisema bila mpigo wake wa kwanza nyinyi hamuanzi. Sasa hapa kaanza nani?

Kinyozi alimtazama Mapafu. Mapafu alinitazama mimi. Mimi nilidhani ni muuza kahawa, naye akatikisa kichwa.

— Karibu ukae kwanza, alisema Bendimasta, akimsogezea nafasi.

Hakukaa. Mzee Radi alikuwa amefariki mchana ule.