Aliyepika Anywe Kwanza

Kosta ilipotoka Singida mjini, Antipasi alikuwa anasinzia. Jana alishinda kwenye tamasha la kuzindua pombe za kienyeji, kisha akamalizia vilabuni. Aliyemwamsha ni mama wa kiti cha mbele, mwenye dumu la wanzuki, pombe ya asali, mapajani, akimsema kijana aliyekaa pembeni yake.

"Mgeni hanywi wanzuki yangu kabla hajaniona nikinywa, ajue haina sumu. Huko kwenye tamasha lenu visichana vya fulana vikamimina, watu wakabugia. Hakuna hata aliyeuliza nani kapika."

"Lakini mama, tuliipima kwa mashine," alisema kijana, beji ya tamasha ingali shingoni.

"Hiyo mashine ilikunywa?"

Antipasi akatazama dirishani, maana alikuwa miongoni mwa waliobugia.

Mama akamimina kikombeni, akanywa funda moja akimkazia kijana macho, akampa. Kijana akashukuru kwa adabu zote, akatoa leso, akafuta ukingo wa kikombe.

Mama akakichukua, akamalizia mwenyewe, akagonga bodi. "Konda, nishushe hapahapa."

Akashuka na dumu lake. Nauli alilipa ya Mkiwa, na Mkiwa ilikuwa bado mbali.