Siku Thelathini na Nane za Barwaqo Hared

Bismillahi. Masomo ya marehemu Barwaqo Hared Diriye yalianza siku ya Jumatatu, tarehe 12 Machi 1990, saa tatu na dakika kumi asubuhi, pale Sista Timiro Abdow wa kliniki ya akina mama alipopiga hodi nyumbani kwake Bulla Iftin, hapa Garissa, akamkabidhi daftari jipya la kurasa tisini na sita na kalamu mbili, na kumweleza kwamba tangu siku hiyo kila mtoto atakayezaliwa katika chumba chake cha uani aandikwe jina la mama, siku na saa, ili fomu ipelekwe ofisi ya vizazi na vifo na mtoto apate cheti. Marehemu alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka kumi na saba, na hakujua kusoma.

Familia imeomba maelezo haya yasomwe kwa Kiswahili leo, siku ya saba tangu azikwe, kwa heshima ya wauguzi, walimu na majirani wa kutoka bara wanaoketi nasi.

Alizaliwa malishoni karibu na Sangailu, mtoto wa tatu wa Mzee Hared Diriye na Mama Ikran Olow. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1946, tarehe ambayo wengi waliopanga foleni pamoja naye walipewa, na kwa kuwa siku ya kweli haijulikani, familia haikutaka kubuni nyingine. Alisoma Kurani kwa miaka mitatu, kwa mwalimu aliyehama pamoja na mifugo, na hakuingia shule.

Mwaka 1965 aliolewa na Khalif Bare, wakati huo utingo na baadaye dereva wa malori ya ng'ombe, wakahamia Garissa mwaka 1971. Walijaliwa Bishar mwaka 1967, Faduma mwaka 1970, Ilhan mwaka 1974, na mtoto wa kiume aliyeishi siku tisa mwaka 1977. Ukunga alifundishwa na mama mkwe wake, marehemu Kaaha, kuanzia mwaka 1973.

Tarehe 9 Agosti 1988 lori la Mzee Khalif lilipinduka upande huu wa Modogashe, akavunjika mgongo, na tangu siku hiyo hajasimama. Ndiyo sababu kila alichojifunza marehemu baada ya hapo alijifunza ndani ya ua wake, mahali ambapo angeweza kusikia mumewe akiita. Ukuta mmoja ulitenganisha kitanda cha mzee na chumba cha kuzalia, na mtoto alipolia kwa mara ya kwanza, mzee alitazama saa yake ya mkononi na kuitaja saa kwa sauti, naye marehemu akaishika kichwani hadi apatikane mtu wa kuandika.

Darasa la gumbaru, la kuwafunza watu wazima kusoma, lilikuwa likikutana kwa chifu, na marehemu hakuweza kwenda, kwa hiyo Maalim Abdilatif aliyelifundisha alikubali kuja barazani kwake kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Wanawake saba wa mtaa wakamfuata mwalimu, na mwisho darasa zima likahamia hapo. Mzee Khalif, aliyesikiliza kila somo kupitia dirishani, alizoea kuinua mkono na kuomba, "Mwalimu, naomba ruhusa ya kugeuka," na wanawake walicheka hadi somo lisimame. Marehemu alipata cheti cha kusoma na kuandika tarehe 22 Oktoba 1993. Kuanzia hapo daftari ni la mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa, zilizokandamizwa mpaka zinaonekana upande wa pili wa karatasi.

Mwaka 1994 wakunga waliitwa hospitalini kwa mafunzo ya wiki mbili. Hakuweza kuondoka nyumbani usiku hata mmoja, basi Sista Timiro alimletea mafunzo yenyewe, alasiri tisa mfululizo, pamoja na mwanasesere wa kitambaa na kondo la nyuma lililoshonwa kwa pamba. Sista husema kwamba somo lililomgharimu zaidi lilikuwa la kumkataa mgonjwa, yaani kumwambia mwanamke aliyekuja kwa kumwamini kwamba hali yake inahitaji daktari. Tangu mwaka huo aliwapeleka hospitalini kumi na wanne kwa mkokoteni wa punda, na wote kumi na wanne walirudi hai.

Vyeti vya watoto alivijali kwa sababu anayoijua kila mtu wa hapa. Mwaka 1992 mwanawe Bishar alishushwa basini kwenye kizuizi cha polisi, akazuiliwa siku mbili, kwa kuwa hakuna karatasi popote iliyosema alizaliwa, na marehemu, aliyemzaa, hakukubaliwa kuwa shahidi.

Jumatatu, tarehe 3 Juni 1996, fomu thelathini na nane alizokuwa ameandika zilirudishwa, na zile nyingine zote zikasimamishwa hadi hizo zisahihishwe. Alimwacha Faduma na baba yake, akaenda mwenyewe ofisini. Karani alimwonyesha kadi ya kliniki na fomu yake, mtoto yuleyule, tarehe mbili.

"Mama, kliniki amezaliwa Alhamisi, kwako amezaliwa Ijumaa," alisema. "Huyu alizaliwa mara mbili?"

Foleni ikacheka. Marehemu alijibu, "Mtoto ni moja. Siku mimi naijua," akachukua fomu zake akaondoka.

Kwa majuma matano hakuzungumza habari hiyo na mtu. Alipokea wajawazito kama kawaida, lakini daftari hakulifungua, na watoto sita wa kipindi hicho waliandikwa na Sista. Ilhan aliporudi likizo kutoka chuo kikuu mwezi wa Julai, alizipanga fomu zote thelathini na nane juu ya mkeka, akaona kwamba kila mmoja wa watoto hao alizaliwa kati ya Magharibi na saa sita usiku. Marehemu alikuwa akihesabu siku kama alivyofunzwa malishoni, jua likizama siku imekwisha na nyingine imeingia, hivyo mtoto wa saa moja na nusu jioni ya Alhamisi alikuwa kwake mtoto wa Ijumaa. Kliniki ilihesabu kwa saa sita usiku. Ilhan alimweleza mara tatu, polepole, akiogopa kumuumiza. Marehemu akauliza:

"Kwa hiyo unataka nianze siku wakati watu wamelala? Nani ataiona ikianza?"

Ilhan akazikusanya fomu kutoka mkekani.

Siku ya pili yake marehemu alilifungua daftari. Alikuwa na miaka hamsini, na alianza kujifunza upya jambo alilodhani alilijua tangu utotoni. Hakukiamini kichwa chake, kwa hiyo aliweka redio kando ya beseni, akaandika siku iliyotajwa kwenye taarifa ya habari, na mzee naye akapata kazi ya ziada. Magharibi ikipita na mwanamke yuko chumbani, mzee aliita kutoka kitandani, "Mama Bishar, bado ni Alhamisi." Marehemu hakukosea tena hata mtoto mmoja.

Makosa ya nyuma yalikuwa kazi nyingine. Kila mama alipaswa kufika na kadi, na marehemu atie saini mbele ya karani, kila Jumatano, Faduma akimlinda baba. Wengine walikuwa wameshahama na mifugo, na mmoja alitafutwa hadi Eldas kwa salamu zilizobebwa na madereva. Kufikia Oktoba 1997 alikuwa amesahihisha thelathini na sita, kisha mvua ikakata barabara kwa miezi mitatu, maji yakajaa mtaani, na mbu wakawa wengi kuliko tulivyowahi kuona.

Jumatano, tarehe 4 Februari 1998, mama wa Eldas alifika. Marehemu aliamka na homa, akakatazwa kutoka, akatoka. Alisimama foleni kwa saa mbili, akatia saini fomu ya thelathini na saba, na akarudi akitetemeka kiasi cha kutoweza kufungua mlango. Ijumaa alilazwa, malaria ikiwa imeshapanda kichwani. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 10 Februari 1998, saa nane na dakika ishirini mchana, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya Magharibi. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na watoto mia mbili na arobaini na wanane walioandikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, ambao walikuwa wachache na wagonjwa wengi, na hawakulala. Inawashukuru Sista Timiro na Maalim Abdilatif, waliokubali kumfundisha palepale alipokuwa. Inamshukuru karani, ambaye Jumatano iliyofuata mazishi alimpokea Ilhan na fomu ya mwisho, ya msichana aliyezaliwa Alhamisi, tarehe 14 Desemba 1995, saa moja na dakika arobaini usiku, na akamwambia kwa upole kwamba hata bila mama fomu bado inataka saini ya mkunga, au kiapo cha mtu mwingine aliyekuwepo na aliyeijua saa. Mama wa msichana huyo alihamia upande wa Sangailu na hajasikika tangu mvua, kwa hiyo yeyote kati yenu anayemjua tunamwomba ampelekee habari.

Na inawashukuru majirani wanne, ambao asubuhi iliyofuata, Alhamisi saa mbili, waliitikia wito wa Ilhan, wakaingia chumbani kwa Mzee Khalif, wakamwinua pamoja na kitanda chake na kumtoa nje ya ua kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa na nusu, Ilhan akitembea mbele kuwaonyesha njia kati ya madimbwi. Kitanda hakikupita kwenye mlango wa ofisi, basi karani akatoka na wino na kuchutama barabarani. Mzee aliitaja saa, akaitaja siku, na Ilhan akamshikia karatasi mpaka alipomaliza kutia saini.

Mola akulaze pema, Barwaqo binti Hared, na akupe mapumziko ambayo hapa hukuyapata.