Masikio ya Mama Ngo, Mkaguzi wa Vyungu

Mama yetu mpenzi, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Ngo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mfinyanzi na mshona viatu. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alimkalisha mbele akidhani hasikii, kumbe alikuwa akisikiliza ukuta.

Mwaka 1973 alifunga ndoa na baba yetu, mchochea tanuri, mtu wa maneno machache na vikohozi viwili vifupi kabla ya kila neno. "Huyo nikisikia kifua tu, najua anataka chai," mama alipenda kututania.

Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba kila wilaya iwe na bidhaa yake moja ya kuuza nje. Sisi tukapewa vyungu. Maseremala wakaweka randa chini, mwoka mikate akageuza tanuri lake, na mama akaajiriwa ghalani kuwa mkaguzi. Aligonga kila chungu mara tatu kwa kifundo cha kidole, ngo ngo ngo, kisha akatega sikio. Kizima huitika, chenye ufa hunung'unika. Kilichofaulu alikitia alama ya chaki. Mwaka wa kwanza zilitoka kontena mbili. Kufikia 2009 zilitoka mbili kila wiki, na hakuna chungu chenye chaki yake kilichowahi kurudishwa. Tuliringa, tusiseme uongo.

Baba alikuwa amefariki mwaka 1999, akazikwa katika makaburi ya zamani, nyuma ya mashimo ya udongo. Wanunuzi walitaka vyungu zaidi, na mashimo yakazidi kusogea. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2009 mama aligonga chungu, kikamjibu kwa vikohozi viwili vifupi. Akagonga cha pili. Hivyo hivyo.

"Bwana afisa, udongo huu mmeuchimba wapi?"

"Mama, chungu hakina koo," alijibu afisa wa mauzo ya nje. "Meli haingoji mtu. Tia chaki."

Alitia chaki vyungu mia nne na kumi. Hilo ndilo kosa alilolijutia hadi mwisho. Alipofika makaburini jioni ile, safu ya kaburi la baba ilikuwa shimo, na kontena ilishaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Alibakiwa na chungu kimoja cha udongo ule, chenye ufa, alichokikataa siku hiyo. Alikiweka kando ya kitanda, akawa anakigonga kila asubuhi na kukiamkia.

Mwaka 2019 daktari alithibitisha kwamba hasikii kabisa. Hata hivyo aliendelea kukigonga, kungoja, na kutabasamu. Kisha mapafu yakamsumbua. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, wanawe tukiwa tumemshika mikono yote miwili. Hapo hapo chungu kikalia mara tatu, ngo ngo ngo. Safari hii hatukusikia kikohozi. Tuliogopa, na tunakiri mbele yenu kwamba bado tunaogopa.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na wifi mmoja. Jamaa zetu wengine wako katika majiko ya watu tusiowajua, ng'ambo.

Mahali hapa alijichagulia mwenyewe, kwa sababu ni mchanga mtupu, na mchanga haufinyangiki. Chungu chake kinaingia pamoja naye. Mama, pumzika kwa amani, wewe na baba, na safari hii mpumzike mahali pamoja.