Viazi Vilivyooza Mpakani Tunduma

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na vinywa vilivyochelewa kusema kweli. Naitwa Ambakisye. Wengi humu ndani mnaniita Mtaalamu. Mchungaji amenipa dakika chache, nami nimekuja kulirudisha jina hilo, kwa sababu nililichukua kwa uongo, na uongo huo uliwaumiza watu ambao hamjawahi kuwaona.

Nimezaliwa Uporoto, kule juu ya Mbeya, kwenye baridi na viazi. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yangu mkubwa, Tusajigwe. Sisi tunamwita Dada Tusa. Yeye aliacha shule akalima viazi, mimi nikaenda shule. Nikasoma uchumi Dar es Salaam, kisha nikapata nafasi ya kuja hapa College Park, kando ya Washington, kuchukua shahada ya pili. Nilitaka kuandika juu ya biashara kati yetu na majirani zetu, Zambia na Malawi. Niliona mkulima wa kwetu anakaa mwaka mzima akimsubiri mnunuzi wa kutoka Dar, wakati mpaka uko karibu na shamba lake na upande wa pili watu wanakula viazi. Wazo hilo lilikuwa zuri. Hata leo naliamini.

Lakini nilifeli, ndugu zangu. Nilifeli masomo mawili, ufadhili ukakatwa, nikaondoka chuoni. Nyumbani sikumwambia mtu.

Nikapata kazi ya usafi katika jumba moja la mikutano mjini, karibu na stesheni ya treni ya Shaw. Sare ya kijivu, ndoo, dekio, mifuko myeusi ya taka. Katika jumba lile walikuja watu wa kila aina kuzungumza mambo ya Afrika: mazao, barabara, mipaka, fursa za kuuza nje. Wakiondoka waliacha vijitabu kwenye viti. Mimi nilivikusanya, lakini sikuvitupa. Nilivisoma kwenye treni nikirudi. Maneno yake niliyajua, niliyasomea. Basi nyumbani walipouliza nafanya kazi gani, nikajibu, "Nashughulika na biashara ya nchi za kusini mwa Afrika." Nikajipa moyo kwamba huo si uongo mtupu. Si nilikuwa ukumbini pamoja nao?

Na hapa kanisani nikafanya vivyo hivyo. Nilinunua suti. Mkanipa kiti cha mbele. Kila kulipokuwa na chakula cha pamoja mkaniomba niseme neno juu ya fursa, nami nikasimama nikasema, na mkapiga makofi.

Ukafika mwaka ule zilipokuja habari kwamba nchi za kusini zimekubaliana kuondoleana ushuru wa forodha. Kwenye jumba letu ukafanyika mkutano wa siku mbili juu ya jambo hilo. Mimi nilisimama nyuma, kando ya meza ya chai, nikisubiri kukusanya vikombe. Mzungumzaji alieleza vizuri sana ni bidhaa zipi zitavuka bila ushuru. Alipoanza kueleza habari za vibali na ukaguzi, msimamizi wangu akanigusa bega. Kahawa ilikuwa imemwagika ghorofa ya pili. Nikaenda kudeki. Niliporudi watu walikuwa wanapigana picha.

Nilichukua kijitabu nikasoma ukurasa wa kwanza tu, ndugu zangu, kwa sababu ukurasa wa kwanza ulisema nilichotaka kusikia. Kesho yake nikampigia dada.

"Dada, mpaka umefunguka. Ushuru umefutwa. Kule Zambia viazi vina bei kuliko Dar. Pakia gari, vuka, uza."

"Hakuna karatasi nyingine inayotakiwa?"

"Dada, mimi ndiye niliyekaa kwenye kikao."

"Basi wewe unajua," akasema.

Dada Tusa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa kanisa letu kule nyumbani. Walikuwa kumi na mmoja, pamoja naye kumi na wawili. Akawaambia, mdogo wangu yuko Washington, anakaa na hao wanaopanga mambo haya. Mnunuzi wa Dar alikuwa tayari amefika kijijini. Wakamkatalia. Wakachimba viazi vyao vyote, wakajaza lori la fuso, wakamwombea dereva, na dada akapanda mbele kwenda Tunduma.

Walipovuka upande wa Zambia, mkaguzi wa mazao akaomba vitu viwili: kibali cha kuingiza viazi, na cheti cha afya ya mimea kutoka upande wetu. Dada hakuwa na hata kimoja. Mkaguzi alimweleza kwa upole kwamba kufutwa kwa ushuru ni jambo moja, na kuzuia magonjwa ya mimea ni jambo jingine. Akamwambia vyeti hivyo hutafutwa kabla gari halijapakiwa. Dada akamjibu kwamba mtaalamu wa Washington amesema havihitajiki. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Wakamrudisha Tunduma. Akanipigia simu. Nilikuwa chooni, kwenye jumba lile, nasafisha masinki.

"Ambakisye, wamenikatalia. Dereva anasema tukirudi sasa hivi, kesho asubuhi tutakuwa soko la Mbeya, tutauza hata kwa hasara. Turudi au tusubiri? Niambie."

Ndugu zangu, hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Yale ya kwanza yalikuwa ujinga na majivuno. Lakini pale nilijua. Nilijua kabisa kwamba sina mtu wa kumpigia. Kama ningesema "rudi", viazi vingepona. Lakini "rudi" maana yake nilikosea, na kama nilikosea, wangeuliza mimi ni nani hasa.

Nikamwambia, "Subiri. Nitaongea na watu hapa. Kesho mtavuka."

Kisha nikazima simu. Nikaizima siku nne.

Jua la Tunduma likawaka juu ya turubai, na mvua ikanyesha. Dada alilala kwenye gari. Siku ya tatu magunia ya chini yakaanza kutoa maji. Siku ya tano dereva akataka gari lake, naye alikuwa na haki. Wakaenda kumwaga viazi kwenye shimo nje ya mji. Dada akashuka shimoni, akavichagua kwa mikono yake, akapata magunia mawili mazima. Hayo ndiyo aliyowarudishia wanawake kumi na mmoja.

Nilipowasha simu nilikuta ujumbe wake mmoja tu. "Viazi vimeoza. Upo hai?"

Nikajibu, "Nilikuwa safari ya kikazi."

Hakuna aliyempigia dada kelele. Afadhali wangempigia. Waliacha tu kumsalimia vizuri. Wakamvua uenyekiti. Binti wa mmoja wao alikuwa amefaulu, lakini kwa kukosa fedha hakuripoti sekondari mwaka ule. Haya yote niliyajua, maana mtoto wa dada aliniandikia, na bado Jumapili nilivaa suti nikaja kukaa pale mbele. Chakula hakikupita. Nikawachukia wote: mzungumzaji wa ule mkutano, msimamizi wangu, hata aliyemwaga kahawa. Nilimchukia kila mtu nisije nikafika kwangu.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu alivyonishika. Mama Wanjiru mnamfahamu. Kazi yake ni kutunza wazee. Siku moja, miezi mingi kabla ya hayo, alimleta mzee wake mmoja, mwalimu mstaafu wa chuo, kwenye mkutano katika jumba letu. Alikuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mimi nilikuwa na mfuko wa taka mkononi. Nilipomwona nikainama chini ya meza, nikajifanya nafunga mfuko, nikakaa huko mpaka akapita.

Hakusema neno. Akanyamaza miezi yote hiyo. Halafu ile Jumapili niliyoombwa kuwafundisha vijana wetu juu ya fursa za biashara ya mipakani, nami nikakubali, baada ya viazi kuoza, ndugu zangu, nikasimama nikafundisha, akanifuata nje kwenye maegesho.

"Mtaalamu, mimi nilikuona kwa ile building," akasema. "Ulikuwa umebeba taka. Ukaingia chini ya meza."

"Sikukuona, mama."

"Uliniona. Na sijaambia mtu. Mimi mwenyewe naosha wazee na kuwabadilisha nguo, na kwetu wanajua hivyo. Lakini wewe umekonda. Ni nini inakukula?"

Nikaingia kwenye gari lake nikamweleza yote. Nilidhani atanifariji. Hakunifariji. Alitazama mbele tu, mikono kwenye usukani, kisha akatoa simu yake.

"Hiyo si ya kuambia mimi. Pigia dada yako."

"Nitapiga kesho, mama."

"Hiyo kesho yako ndiyo imeozesha viazi vya watu. Piga sasa."

Akafumba macho akaanza kuomba kwa Kikuyu, taratibu. Sikuelewa hata neno moja, lakini niliichukua ile simu. Nikapiga.

Nikasema, "Dada, mimi nafagia. Nafanya usafi kwenye jumba la mikutano. Chuo niliacha. Sijawahi kukaa kwenye kikao chochote. Na nilipokwambia usubiri, nilijua hakuna mtu nitakayeongea naye. Nilikuwa nalinda aibu yangu."

Nikasikia mtu anaosha vyombo uani kwake.

"Unafagia," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Kwani mimi kila asubuhi nafanya nini?"

Kisha akaendelea:

"Ungeniambia unafagia, ningekuombea. Ungeniambia hujui, ningeteremka kumuuliza bwana shamba, ofisi yake iko hapo chini. Ambakisye, watu walicheka mbele yangu, nami nilikuwa nakutetea." Kisha akasema, "Nimekusamehe, maana nisipokusamehe nitaimbaje kanisani. Lakini usinipigie. Nikiweza kuisikia sauti yako, nitapiga mimi."

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Hajapiga.

Mtaniuliza, sasa ukombozi uko wapi? Hata mimi nilijiuliza. Nilizoea kusikia ushuhuda unaoisha kwa watu kukumbatiana. Wangu hauishi hivyo. Lakini siku ile ya simu nilikula, chakula kikapita. Kesho yake nilikwenda kazini nikiwa nimevaa sare yangu kwenye treni tangu nyumbani, si kwa kuificha kwenye begi. Bwana alinitoa chini ya ile meza, na sijarudi tena.

Niliwaandikia barua wale wanawake kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina lake, nikaeleza kwamba kosa lilikuwa langu na dada hakujua. Walionijibu ni watatu. Mmoja aliandika maneno mawili tu: "Tumesoma, kijana."

Na dada aliteremka kwa bwana shamba. Akauliza mwenyewe, akafuatilia vyeti mwenyewe, viazi vikakaguliwa, na msimu uliopita akavuka mpaka, akauza. Wanawake watano tu ndio waliokubali kwenda naye tena. Mtoto wake ndiye aliyeniandikia. Nilifurahi, ndugu zangu, na nililia, kwa sababu biashara niliyoisomea imefanyika, imefanikiwa, na hakuna mtu aliyehitaji neno langu.

Namshukuru Mungu aliyenivua jina lisilo langu. Namshukuru Mama Wanjiru, ambaye sasa ananikazia macho nimalize.

Nanyi ninaowatazama: humu ndani wamo ambao kwao wanajulikana kuwa wahasibu, wauguzi wakuu, watu wa ubalozi. Siwahukumu. Lakini huko nyumbani mtu anaamua achimbe au asichimbe, auze au asubiri, kwa neno lako. Mkabidhi Bwana aibu yako kabla mwingine hajailipia. Hataiondoa bila maumivu, mimi ni shahidi, lakini ataiondoa.

Baada ya ibada, chumba kilicho kando ya jiko kitakuwa wazi, na simu ipo. Nyumbani bado hawajalala. Anayetaka aingie. Sitamuuliza atasema nini. Mimi nitasimama nje ya mlango, mtu asimwingilie, na ndani watakuwa yeye na Bwana, na yule atakayepokea simu.