Mama Mfuniko, Aliyewasikiliza Walio Chini

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya magari. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema. Akiwa bado anatambaa alikuwa akiweka sikio sakafuni na kutulia tuli, na akiinuliwa analia. Wazazi waliingiwa na wasiwasi wakampeleka kupimwa masikio. Yalikuwa mazima kabisa.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1980 akahitimu stashahada ya upimaji wa maji katika chuo cha ufundi. Alipenda kemia na kuchukia sindano, jambo ambalo baba yetu mshonaji hakulisahau mpaka anaingia kaburini. Januari iliyofuata aliajiriwa katika maabara ya majitaka, chumba kirefu chenye madirisha yanayotazama mabwawa, na harufu ambayo wageni waliizungumzia na wenyeji hawakuisikia tena.

Hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, mzibuaji wa mabomba aliyekuwa akileta sampuli. Wengine huposwa kwa manukato. Dada yetu aliletewa chupa za majitaka kila Jumatatu, akaona si haba. Siku ya kwanza kwenda ukweni alimkuta mama mkwe yuko mbioni kumwaga mafuta ya moto kwenye sinki. Akamshika mkono kwanza, ndipo akamwamkia. Akamweleza kwamba mafuta yale yataganda bombani, na atakayeshuka kuyakwangua ni mwanawe. Mama mkwe alikisimulia kisa hicho miaka yote, mwanzoni kwa hasira na baadaye kwa majivuno. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985, wakajaliwa binti mmoja.

Wazibuaji wana mtindo wao wa kazi. Aliyeshuka kwenye chemba, lile shimo la kuingilia mabomba ya majitaka, hugonga bomba mara mbili kwa spana: niko salama. Aliyebaki juu hugonga mfuniko mara mbili: nami nipo. Mlio ukikatika, kamba huvutwa bila kuuliza. Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1992, shemeji alijaza chupa yake ya sampuli, akaipandisha, akagonga, akajibiwa. Hakugonga tena. Karakana moja inayosafisha vyuma kwa kuvichovya kwenye tindikali ilikuwa imeifungulia tindikali hiyo kwenye bomba la umma, kinyume cha kanuni, nayo ikakutana na maji ya kiwanda cha ngozi. Viwili hivyo vikikutana hutoa hewa inayonuka yai viza, na ikizidi haisikiki hata harufu. Wenzake walimvuta mbio, lakini alikuwa ameshakata roho.

Chupa ilifika maabara kabla ya habari. Dada aliipima kama alivyopima nyingine zote, akamgeukia mwenzake wa meza ya pili na kumwambia kwamba maji haya yanaua mtu. Simu ikalia kabla hajaiweka chupa chini.

Baada ya msiba aliomba ahamishiwe ukaguzi wa viwanda, na huko akapata jina la Mama Mfuniko. Mwenye kiwanda akimsifu, ujue hajawahi kutembelewa naye. Kanuni alizijua kwa moyo: tindikali hapana, petroli hapana, damu ya machinjio na mafuta ya moto hapana, na kila kiwanda kisafishe maji yake kabla ya kuyaachia. Hakuwa mtu wa kufoka. Alimsimamisha bosi juu ya chemba iliyo wazi, akampa spana, akamwomba agonge bomba mara mbili kisha anyamaze. Hakuna hata mmoja aliyesimulia alichosikia, lakini wengi walijenga matangi ya kusafishia bila kukumbushwa.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyohivyo. Mchana kweupe, watu wakila, bomba la sinki lilikuwa likigonga mara mbili. Dada alikuwa akichukua kijiko, akigonga koki mara mbili na kuendelea na chakula chake. Binti yake alikua akidhani kila mama hufanya hivyo. Mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye anayesoma maneno haya na haamini mambo ya namna hiyo, aliusikia mlio ule kwa masikio yake na akaacha sahani ikiwa nusu. Akaitwa fundi bomba, akasema ni maji ya moto yanayotanua chuma. Nyumba ile haikuwa na maji ya moto.

Alistaafu mwaka 2018. Miaka minne baadaye aligundulika kuwa na saratani ya tezi ya shingo. Tiba yake ni dawa ya mionzi, na anayeinywa hukaa peke yake chumbani, kwa kuwa hata maji ya choo chake yana mionzi. Maji hayo huingia kwenye tangi chini ya jengo na kuwekwa mpaka mionzi ififie, ndipo yaachiwe bombani. Kanuni hiyo dada aliijua vizuri, maana matangi ya hospitali ile aliyaidhinisha yeye.

Matangi yalikuwa mawili. Moja lilikuwa ndiyo kwanza limejaa, la pili lilikuwa na maji ambayo muda wake wa kufifia haujatimia, na hospitali nyingine yenye chumba kama hicho ilikuwa na foleni ndefu zaidi. Daktari wake alikuja na habari njema: kwa heshima yake wangeliachia la pili mapema kidogo. Maji yangechanganyika na mengine na hakuna ambaye angejua. Dada akauliza kama kuna watu bombani. Daktari hakujua, akapiga simu, akaambiwa kwamba mafundi wanne wanakarabati bomba kuu chini ya barabara ya hospitali, maji yakiwafika kifuani kutwa nzima. Dada akasema atasubiri.

Binti yake alipiga magoti kando ya kitanda. Alisema, "Mama, watu hao hata hawakujui."

"Wanajua kuna mtu juu," alijibu. "Hilo linawatosha."

Tuseme ukweli, tulimkasirikia. Akasubiri mpaka tangi lilipofunguliwa kwa kanuni, na wakati huo ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu. Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba dawa ya mapema ingemponya. Binti hakutaka kusikia hilo.

Dada akaingia chumba kile, na binti akawa anaongea naye kwa simu kutoka koridoni. Siku ya pili, katikati ya maongezi, binti alisikia bomba la choo likigonga mara mbili. Bomba lile haliendi barabarani. Linaishia kwenye tangi, na valvu ilikuwa imefungwa. Kisha akasikia kijiko cha mama yake kikijibu, na mama akaendelea na habari za wajukuu pale alipoishia. Binti aliganda pale koridoni, simu sikioni, mpaka muuguzi akaja kumshika bega.

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 21 Oktoba 2023, adhuhuri, binti yake akiwa kando.

Baada ya hapo binti aliondoka bila kuaga kwenda kuwatafuta mafundi wale. Alitaka kuziona sura za watu waliomgharimu mama yake. Aliwakuta wamekaa kwenye ukingo wa barabara wakila mkate, buti zimetota, wawili wao wadogo kuliko yeye. Hawakuwa na habari yoyote ya tangi wala ya mgonjwa. Alikuwa amejiandalia maneno makali. Badala yake aliwauliza kama wana watoto, wakamtajia majina mmoja baada ya mwingine.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake wa kiume, na mafundi wanne waliokaa mstari wa mbele pamoja na familia, wote wazima. Binti ndiye aliyeagiza waandikwe hapa.

Apumzike kwa amani dada yetu, na walioshuka leo wapande salama.